Kodi imekaa pale pale, nani atembee?

BesiYaKondele:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mpiga besi hapa Kisumu. Wikendi napiga na bendi ya rhumba, Jumapili niko kanisani. Nina jambo linaninyima usingizi na naomba wenye masikio wanisaidie.

Tuna wimbo wetu mmoja, ubeti wake mzima umekaa kwenye kodi moja, Am, yaani noti A, C na E zikilia pamoja. Vipimo vinane, mapigo manne kila kipimo, Am, Am, Am, mpaka mwimbaji amalize hadithi yake ndipo twende F, halafu E7. Mimi huko chini nimepiga A mpaka A yenyewe imenichoka. Nikiichanganya na E ni yale yale. Nikipanda juu, wa dramu ananitazama kama nimemkanyaga.

Juzi usiku nikasikia rekodi fulani ya zamani redioni. Kodi imetulia tuli, lakini ndani yake kuna kitu kinashuka nusu toni kwa nusu toni, ile hatua ndogo kabisa ya kinanda, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akipapasa ukuta. Nikachukua besi nikakitafuta: A, G# (G iliyopandishwa nusu toni), G, F#. Nikakipata! Nikafurahi peke yangu chumbani hadi jirani akagonga ukuta.

Jana mazoezini nikakipiga. Mpiga kinanda akatoa mikono kwenye kinanda, akaniuliza, "Umekosea ama umelewa?" Gitaa la solo likaanza kutafuta ki upya, yaani noti ambayo wimbo umeifanya nyumbani. Mwimbaji, ambaye ni binamu yangu na kwa kawaida hunitetea, akasema turudie "ile ya kawaida".

Noti nina hakika nazo. Sasa nilikosea wapi?

Omera_Tu:
Kodi imekaa pale pale? Mwenye nyumba gani huyo, nihamie kwake leo leo.

BesiYaKondele:
Nilijua tu kuna mtu atafika hapo.

MwalimuWaSolfa:
Kijana, noti zako ni sawa. Niruhusu niziweke kwa solfa, yale majina ya do, re, mi, maana nusu ya watu humu walianza na kwaya kabla hawajashika gitaa.

Ki yako ni A ndogo (minor), kwa hiyo A ndiyo la. Ulichopiga ni la, se, so, fe. Se ni so iliyopandishwa nusu toni, fe ni fa iliyopandishwa. Yeyote aliyewahi kuandaliwa kwa Kenya Music Festival anakumbuka jinsi fe na ta (ti iliyoshushwa nusu toni) zilivyotutoa jasho, mwalimu akigonga meza na rula, "Juu kidogo! Juu kidogo!"

Angalia mpangilio wake. La ni mwenyeji wa ki, se ni mgeni, so ni mwenyeji, fe ni mgeni. Mwenyeji na mgeni wanapokezana, ndiyo maana sikio halikati tamaa: kila likianza kushtuka, linakuta mtu linayemjua.

Vitabu vitakuandikia kodi nne: Am, Am yenye saba kubwa, Am7, Am6. Usitishwe na majina. Nyumba ni moja na kuna mpita njia mmoja ndani yake.

Kuna nyingine tatu ambazo mtu akizijua anaweza kula nazo maisha yote. Kwenye ki kubwa (major), inayoshuka: do, ti, ta, la. Kwenye C ni C, B, Bb (B iliyoshushwa), A, na ile A inakufikisha kwenye F bila kugonga mlango. Kwenye ki kubwa inayopanda: so, se, la, ta. Hapo C imekaa, juu yake inapita G, G#, A, Bb, kisha Bb inashuka kwa A na tayari uko F. Ya tatu haishuki wala haipandi, inazunguka: mi, fa, fe, fa, juu ya kodi ndogo. Hiyo mmeisikia nyote hata kama hamjui, ndiyo inayonyemelea kwenye muziki wa James Bond tangu sinema ya kwanza ya 1962. Kodi ni Em, inayotembea ni B, C, C#, C.

Kwa hiyo noti zako hazina kosa. Mahali ulipoziweka, hapo sijui, sikuwepo.

Kinanda_Kakamega:
Mimi ni wa kinanda na nitamtetea mwenzangu kabla hajahukumiwa bila wakili.

Wengi wetu tulijifunza kinanda kanisani ambako hakukuwa na mpiga besi. Mkono wa kushoto ndio uliokuwa besi. Ukiletewa mpiga besi baada ya miaka sita, mkono haujui kustaafu. Kwa hiyo naweka dau: wakati unapiga G# yako, yeye alikuwa amekalia A mbili huko chini, oktava nzima, na kanyagio limekanyagwa.

A ya uzi wazi wa besi hutetemeka mara 55 kwa sekunde. G# iliyo chini yake ni kama 51.9. Zikilia pamoja zinagongana mara tatu hivi kila sekunde, na utasikia spika inafanya wou-wou-wou kama pikipiki inayokataa kuwaka. Nusu toni hiyo hiyo ukiipeleka juu katikati ya kinanda inakuwa tamu, ina uchungu mzuri. Kule chini ni matope.

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Mwambie atoe mkono wa kushoto kabisa, au aupandishe hadi katikati. Umwambie kwa upole, sisi watu wa kinanda tuna mioyo laini.

Na kama ni wa wale wanaopiga kila kitu kwa C halafu wanabonyeza kitufe cha kuhamisha ki, usimwambie "piga G#". Kwake hiyo A yako ni kitu kingine kabisa. Mwonyeshe kwa kuimba.

BesiYaKondele:
@Kinanda_Kakamega wewe ni mganga? Kanyagio limekanyagwa kweli. Na kitufe anabonyeza kweli.

Omera_Tu:
Kakamega kuna waganga, hilo halina ubishi.

Rithimu58:
Nimesoma nikiwa kwenye matatu kutoka Kericho nikajizuia, sasa nimefika Nakuru, nimekunywa chai, naandika.

Mnamshughulikia wa kinanda lakini kuna jambo kubwa zaidi. BesiYaKondele, unasema unataka kodi ikae na kitu kitembee ndani yake. Halafu unatembeza besi. Besi ikitembea, kodi haijakaa tena.

Sikio humwamini aliye chini. Yeye ndiye mwenye kiwanja. Chukua A, C, E, zishike juu bila kuzigusa. Weka A chini yake, ni Am. Ondoa A weka F#, sasa watu wanasikia kodi ya F#, ile yenye huzuni ya ajabu ajabu iliyopunguzwa tano. Weka F, wanasikia F yenye saba kubwa, kodi tamu ya jioni. Juu hakuna aliyesogea hata kidole! Umehama wewe peke yako na umehama na nyumba nzima, sufuria na kuku. Ndiyo maana solo ilianza kutafuta ki. Haikuwa ujinga, ilisikia umehama.

Sasa fanya kinyume. Besi ikae kwenye A, isitingishike. Ile F# iwe katikati, kwenye gitaa la rithimu. Hapo inabaki kuwa Am, ila Am yenye kidonda. Hicho ndicho ulichosikia kwenye rekodi, nina hakika asilimia tisini.

Mwambie wa rithimu aache kodi kubwa ya nyuzi sita. Nyuzi tatu zinatosha (freti ni vile vyuma vya shingoni mwa gitaa, hesabu kutoka kichwani):

uzi wa D: freti 7, 6, 5, 4
uzi wa G: freti 5 muda wote
uzi wa B: freti 5 muda wote

Ya G ni C, ya B ni E, hizo zimelala. Uzi wa D ndio unaotembea: A, G#, G, F#. Kidole cha shahada kitalazimika kurudi freti ya 4 mwishoni, kwa hiyo asibane kidole kimoja freti nzima ya 5, atakwama. Atumie kidole cha kati na cha pete kwa zile mbili zilizolala. Itauma siku mbili.

Kwa C ni hivi: uzi wa D freti 10, 9, 8, 7, uzi wa G freti 9, uzi wa B freti 8. Hiyo ndiyo do, ti, ta, la ya Mwalimu.

Na apige polepole. Noti moja kila kipimo. Nimeona vijana wanaijaza kila pigo, inakuwa kama mtu anayeteremka ngazi kwa makalio. Noti ikikaa mapigo manne, msikilizaji ana muda wa kujiuliza inakwenda wapi. Ikibadilika haraka hajui hata kama kuna kitu kimebadilika.

La mwisho, na hili ndilo linalovunja bendi nyingi: mwimbaji yuko kwenye noti gani? Kama binamu yako ameshikilia A ndefu wakati mstari uko kwenye G#, mmegongana nusu toni mbele ya watu. Mwimbaji akiwa kwenye C au E, mstari unapita chini yake vizuri tu. Sikiliza wimbo kwanza.

BesiYaKondele:
Mungu wangu. Kipimo cha pili. Neno la mwisho la mstari wa kwanza. Ni A, na huwa anaivuta mpaka pumzi inaisha.

Rithimu58:
Basi binamu yako alikuwa sawa, na unamdai soda. Namaanisha anakudai.

JaBenga:
Nimekaa kimya lakini mmeanza kunikera.

Nani amewaambia kodi ikikaa ni ugonjwa unaohitaji dawa? Benga, muziki wetu wa magitaa wa Waluo, imesimama juu ya kodi mbili tatu tangu mwanzo na watu wanacheza hadi asubuhi. D.O. Misiani na Shirati Jazz hawakuhitaji ngazi za kushuka gizani. Harakati iko kwenye gitaa lenyewe, linavyodonolewa noti moja moja, linavyojibizana na besi. Na lile gitaa lilijifunza kwa nyatiti, kinubi chetu cha jadi. Nyatiti ina nyuzi 8, kila uzi una sauti yake, hakuna freti, hakuna nusu toni ya kupapasa. Mpigaji ana gara (njuga) mguuni na chuma kwenye kidole cha mguu kinachogonga mwili wa chombo, na kwa nyuzi hizo 8 anakusimulia ukoo wako mpaka unatoa pesa.

Ukichoka na A, shida si A. Shida ni jinsi unavyoipiga. Ikate. Iache ipumue kabla ya pigo la kwanza. Besi ya benga inazungumza, haiwi ukuta.

Mambo ya mi fa fe fa pelekeni sinema.

Kinanda_Kakamega:
Mzee ameamka vibaya.

MwalimuWaSolfa:
Mheshimu, ana hoja. Ila JaBenga ndugu yangu, umetaja nyatiti ukaficha orutu. Orutu, ile fidla yetu ya jadi, ina uzi mmoja, haina freti, na kidole cha mpigaji kinateleza kati ya noti na noti mahali ambapo hata nusu toni ni kubwa mno. Mpigaji wa orutu hukaa juu ya ngoma za ohangla ambazo hazina kodi yoyote na analia kama mtu. Hicho kitu cha "katikati ya noti" hakikuja na vitabu vya Wazungu.

JaBenga:
Orutu inateleza. Haihesabu hatua. Ni vitu viwili.

Lakini sawa, orutu nimekubali. Nyatiti sitoi.

Na besi ya benga yenyewe ikitoka F kwenda G wakati wimbo uko C, nani asiyepitia F#? Tunafanya kila siku. Hatuiiti jina tu.

Rithimu58:
Hiyo F# yako ni ya kupita. Inaingia pigo la nne, inakufikisha G, inasahaulika. Ni kama daraja la Nzoia, hakuna anayejenga nyumba pale juu. Anachouliza BesiYaKondele ni mstari unaokaa, kila noti ina kipimo chake kizima na watu wanaukumbuka kama wimbo wa pili ndani ya wimbo. Ndiyo tofauti.

JaBenga:
Basi mngesema hivyo tangu mwanzo.

Nyar_Busia:
Mnazungumza kuhusu gitaa na kinanda kama vile sisi waimbaji ni mapambo. Mimi ni sauti ya pili na niwaambie mambo hayo yanakuwaje upande wetu.

Kulikuwa na harusi moja, Ahero, mwaka jana. Wimbo wa maharusi kuingia, polepole, ki ya C. Mtu aliyetupangia sauti akaamua soprano washikilie so, watu wa tenor washikilie mi, besi washikilie do, na sisi sauti ya pili tushuke do, ti, ta, la. Mazoezini ilikuwa nzuri hadi shangazi wa bwana harusi alilia. Siku yenyewe, mpiga besi wa kukodishwa (si wewe @BesiYaKondele, tulia) akasikia tunashuka, akapenda, akatufuata. Na yeye akashuka do, ti, ta, la, oktava mbili chini yetu.

Ghafla hatukujua tuko wapi. Ukiwa sauti ya pili unaimba ta, unaipima dhidi ya ile do iliyo chini. Do ikiondoka, hakuna cha kupimia. Nusu yetu tukabaki kwenye ti, nusu tukaenda la moja kwa moja, dada mmoja akaimba kitu ambacho hakipo kwenye piano. Bi harusi alifika mbele akitembea haraka kuliko ilivyopangwa.

Kwa hiyo Rithimu58 asemalo nalitilia sahihi. Anayetembea awe mmoja. Hata wawili wakitembea noti zile zile ni wengi.

Omera_Tu:
"Kitu ambacho hakipo kwenye piano." Nimecheka hadi kondakta ameniangalia.

Kinanda_Kakamega:
@Nyar_Busia lakini hiyo si sheria ya Musa. Wawili wanaweza kutembea pamoja wakienda njia tofauti, mmoja anashuka mwingine anapanda.

Nyar_Busia:
Wakijua. Wale hawakujua.

BesiYaKondele:
Nimeandika yote kwenye daftari. Nabaki na swali moja la kijinga. Ina maana mpiga besi hatakiwi kutembea kabisa? Nikae tu na A kama mlinzi wa geti?

MwalimuWaSolfa:
La hasha. Besi inayoshuka hivyo ni ya kale kuliko babu zetu wote. Kwenye opera ya Henry Purcell wa Uingereza, Dido and Aeneas, ya karne ya 17, malkia Dido anaaga dunia akiimba, na chini yake besi inashuka G, F#, F, E, Eb, D. Yaani la, se, so, fe, fa, mi. Ikifika chini inamalizia, inarudi juu, inaanza tena, na tena. Mwimbaji hafuati mipaka yake, anaanza sentensi besi ikiwa katikati ya safari. Unasikia mtu anayeomba na saa ya ukutani isiyosikia ombi.

Lakini angalia: pale mtunzi alijua besi inahama na nyumba. Sauti za juu zilipangiwa kodi za kulingana na kila hatua. Haikuwa kodi moja iliyosahauliwa.

Kwa hiyo tembea, ila ujue unakokwenda, na wenzako wajue. Mstari wa besi usiofika popote ni ulevi, hapo mpiga kinanda wako hakukosea sana. Wimbo wako unakwenda wapi baada ya Am?

BesiYaKondele:
F.

MwalimuWaSolfa:
A, G#, G, F#...

BesiYaKondele:
...F. Ngoja.

Ngoja ngoja ngoja.

Rithimu58:
Ameamka huyo.

Kwa besi ni rahisi hata kuliko gitaa. A uzi wazi, halafu uzi wa E freti 4, 3, 2, 1. Freti ya kwanza ndiyo F, umefika. E7 inayofuata ni uzi huo huo wazi. Mkono unarudi nyuma tu kama gari linaloegeshwa.

Lakini usianze kipimo cha kwanza. Kaa na A vipimo saba. Kipimo cha nane, binamu amenyamaza anavuta pumzi, ndipo ushuke, noti moja kila pigo, na F iangukie pigo la kwanza la kipimo kinachofuata. Ukishuka wakati hakuna anayeimba A, hakuna wa kugongana naye. Hapo nyumba ihame, maana inahama kweli.

BesiYaKondele:
Na ile vipimo saba nyingine? Rithimu atashuka juu ya A ya binamu, si tumerudi pale pale?

Rithimu58:
Swali zuri. Hapo ndipo unaiacha la, se, so, fe na kuchukua ile ya tatu ya Mwalimu. Anashikilia A? Basi mstari usianzie kwenye A, uanzie kwenye E. E, F, F#, F. Noti hizo zote zinapatana na A yake, hakuna inayomkaribia kwa nusu toni.

Gitaani: uzi wa D freti 7, uzi wa G freti 5, hizo zikae. Uzi wa B ndio utembee: 5, 6, 7, 6. Noti moja kila kipimo, vipimo vinne umerudi mwanzo, unaanza tena.

Onyo: wa kinanda asiguse E wakati mstari uko kwenye F. Ampe kodi bila E, A na C zinatosha. Kila mstari unaotembea unahitaji mtu mwingine aondoe kidole chake mahali fulani.

Kinanda_Kakamega:
Yaani kila mara ni sisi wa kinanda kuondoa vidole.

Rithimu58:
Mna kumi.

Nyar_Busia:
😂😂

JaBenga:
Jaribuni hiyo ya uzi wa B kwa kudonoa, si kukwaruza. Noti moja moja, kama nyatiti. Inayotembea iwe ya mwisho kudonolewa kwenye kila mzunguko. Halafu mniambie.

Sijasema naipenda. Nimesema jaribuni.

BesiYaKondele:
RIPOTI. Tumetoka mazoezini saa hii, Jumamosi, mikono inanuka nyuzi.

Kwanza wa kinanda. Nilimnunulia chapati na maharage kabla sijasema neno. Nikamwambia mkono wa kushoto upumzike ubeti mzima. Akasema bila mkono wa kushoto anajihisi uchi. Nikamwomba apige A na C tu, juu, na asikanyage kanyagio. Kitufe cha kuhamisha ki kilitupotezea dakika ishirini kwa sababu alihamisha ki mara mbili akasahau ya kwanza. Tukafika.

Wa rithimu alishika ile ya uzi wa B haraka sana. Tulijaribu kukwaruza kwanza, ikawa nzito, mstari ukazama. Tukajaribu kudonoa kama alivyosema JaBenga, na mzee, naomba radhi kwa kila nilichofikiria juu yako Jumanne. Ile F# ilipofika juu, wa dramu akapunguza sauti mwenyewe bila kuambiwa. Hajawahi kupunguza chochote tangu nimjue.

Mimi nilikaa na A. Vipimo saba. Nikaikata kidogo, nikaiacha ipumue kabla ya pigo la kwanza. Ajabu ni kwamba haikunichosha. Kila mara F# ikipita juu, A yangu ilionekana noti tofauti, na mimi sikuwa nimefanya lolote. Kipimo cha nane binamu akavuta pumzi, nikashuka G#, G, F#, na F ikaangukia pale pale na bendi nzima. Mara ya kwanza nilifika mapema nusu pigo kwa sababu ya furaha. Mara ya pili, sawasawa.

Tuliimaliza, kukawa kimya. Binamu akaweka maikrofoni chini akasema: "Umeona? Ile ya kawaida ndiyo nzuri. Usiwe unabadilisha badilisha vitu."

Sikumjibu.

Nyar_Busia:
Usimwambie kamwe.

MwalimuWaSolfa:
Vizuri sana kijana. Sasa rekodi hata kwa simu uturushie, tusikie hiyo fe.

Kinanda_Kakamega:
Mwenzangu alijihisi uchi. Namwelewa kabisa.

JaBenga:
Ile ya Jumanne ulifikiria nini hasa?

BesiYaKondele:
Mzee tuyaache hayo.

Kuna tatizo jipya lakini. Wa rithimu sasa anasema yeye ndiye anayebeba wimbo, na kuanzia wiki ijayo anataka aongezewe pesa ya boda kutoka Nyalenda.

Omera_Tu:
Kodi imekaa pale pale, nauli ndiyo inatembea.